Giaboksi ya Otomatiki Ipimwe Kabla ya Kushushwa

Maneno "giaboksi imekufa" hutamkwa kwa wepesi mno katika gereji zetu. Gari la otomatiki lililokwisha kupita miaka 20 likianza kuondoka kwa uzito, au kushtuka linapobadili gia, au injini ikapandisha mizunguko huku mwendo ukibaki pale pale, mwenye gari hupewa hukumu siku hiyo hiyo: ishushwe, itafutwe nyingine ya mtumba. Hukumu hiyo huwa ya haki wakati mwingine. Lakini nimeona pia giaboksi nzima ikilipia kosa la waya mmoja, la oili isiyo yake, au la kifaa cha injini ambacho hakishikani na giaboksi hata kwa boliti moja. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitano, na vyanzo vinne kati ya hivyo vinaweza kushughulikiwa bila kushusha kitu chochote. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni mpangilio wa maswali: lipi liulizwe kwanza, na jibu lake linafunga mlango upi.

Nitazungumzia zaidi giaboksi za gia 4 za Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani Tanzania na Kenya. Kanuni zake zinafanana na za watengenezaji wengine wa wakati huo, ingawa vipimo hutofautiana na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kazi yote hufanywa na oili. Injini huzungusha tork konveta, chombo cha duara kilichojaa oili, nayo oili hiyo ndiyo inayosukuma shafti ya kuingilia giaboksi. Ndiyo maana gari linaweza kusimama kwenye foleni likiwa kwenye D bila injini kuzimika. Konveta hiyo hiyo huzungusha pampu, na pampu hutoa presha. Presha hupelekwa kwenye valvu bodi, kipande cha aluminiamu chenye mifereji mingi myembamba kama mashimo ya mchwa, na humo huamuliwa ni pleti zipi za klachi zibanwe na zipi ziachiwe. Pleti zikibanwa, gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati hulazimika kuzunguka kwa uwiano fulani, nasi tunasema gari limeingia gia ya pili au ya tatu. Presha ikipungua, pleti hubanwa nusunusu, zinateleza, zinaungua. Presha ikizidi, zinabanwa kwa kishindo. Sehemu kubwa ya matatizo yote ya giaboksi ni hadithi ya presha hiyo: imepotelea wapi, au ni nani ameipa amri mbaya.

Oili ndiyo ya kutazamwa kwanza, na kuitazama vizuri ni kazi yenye utaratibu. Katika Toyota zenye kijiti cha kupimia, gari husimama mahali tambarare likiwa limekwisha kuendeshwa hadi oili ikafika nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Injini ikiwa inanguruma na mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa gia hupitishwa polepole kutoka P hadi L na kurudishwa P, kisha kijiti huchomolewa, hufutwa, hurudishwa na kuchomolewa tena. Anayepima injini ikiwa imezimwa, kama apimavyo oili ya injini, anasoma uongo. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa pamoja na oili, na hewa, tofauti na oili, hubonyea. Presha huanguka, na gari hupoteza nguvu hasa kwenye kona na milima. Ikizidi, gia zinazozunguka huichapa hadi ikatoa povu, na povu hilo huleta dalili zile zile za kupungua.

Rangi na harufu nazo huzungumza. Oili nzima huwa nyekundu inayoangaza, au ya hudhurungi kidogo ikizeeka. Iliyokuwa nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua inasema kwamba pleti zimeteleza kwa muda. Iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa stroberi inasema jambo baya zaidi: maji yameingia. Mafundi wengi hapa hushangaa maji yametoka wapi, hadi wakumbuke kwamba oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe, kwa bomba lililozama kwenye maji ya chini. Rejeta iliyotiwa maji ya bombani miaka kumi bila kuwekewa kinga ya kutu huliwa kutoka ndani, na siku bomba hilo linapotoboka, maji na oili hubadilishana makao. Pleti za klachi zimetengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi juu ya chuma, na maji huachanisha gundi hiyo. Gari likigunduliwa na rangi hiyo lisiendeshwe tena hata kilomita moja. Rejeta ibadilishwe, na oili imwagwe na kujazwa mara kadhaa hadi itoke safi, kwa matumaini kwamba imewahiwa.

Aina ya oili nayo imeua giaboksi nyingi ambazo hazikuwa na kosa. Neno "haidroliki" tunalolitumia dukani limefunika tofauti kubwa. Giaboksi za zamani zilitaka Dexron. Zilizofuata zikataka Toyota T-IV. Zilizokuja baadaye, katika miaka ya 2000, zikataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota yenyewe haikubali WS na T-IV kushikiana nafasi. Magari mengi yameandikwa jina la oili kwenye kijiti chenyewe, herufi ndogo zilizochongwa juu ya chuma, na kuzisoma ni suala la kukifuta kijiti na kukielekeza juani. Magari ya CVT, kama vile Premio na Noah nyingi za kuanzia mwaka 2007, hayana pleti za kubadili gia kwa namna hii. Yana mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na yana oili yake ambayo msuguano wake umepimwa kwa ajili ya mkanda huo. Ukimimina humo oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda utateleza na kuzikwaruza puli, na baada ya hapo hakuna oili itakayorudisha uso wa chuma ulioharibika.

Ipo imani iliyoenea kwamba ukibadili oili ya giaboksi iliyozeeka, inakufa. Imani hiyo haikutoka hewani. Watu wengi hukumbuka kubadili oili siku giaboksi imeshaanza kuteleza, yaani pleti zimeshaisha, na huenda unga wa pleti uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliokuwa ukisaidia kuleta msuguano kidogo uliobaki. Oili mpya huuondoa unga huo na kuonyesha ugonjwa uliokuwapo. Giaboksi isiyoteleza haidhuriwi na oili safi ya aina yake, mradi isisukumwe kwa mashine yenye nguvu inayoweza kuchokonoa uchafu na kuupeleka kwenye mifereji ya valvu bodi. Kumwaga kwa boliti ya chini hutoa lita 2 hadi 4 tu, kwa sababu nyingine hubaki kwenye konveta na mabomba ya kupozea. Kwa hiyo njia ya upole ni kumwaga na kujaza, kuendesha gari kwa siku chache, kisha kurudia mara mbili au tatu.

Baada ya oili, kabla ya kuigusa giaboksi, yako mambo ya nje yanayoigiza ugonjwa wake kwa ustadi. Mauntingi za injini, yaani mipira inayoishikilia, zikichoka, injini huruka na kugonga kila unapotoka P kwenda R, na kishindo hicho husikika kama gia zinavunjika. Plagi au koili inayokosa kuwaka hutikisa gari kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, pale pale ambapo konveta hujifunga, injini na giaboksi zikizunguka pamoja ili kupunguza upotevu wa nguvu, na dereva huapa kwamba giaboksi inatetemeka. Katika modeli za zamani zaidi ipo pia kebo inayotoka kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, kwenda giaboksi, ambayo huijulisha valvu bodi mguu umekanyaga kiasi gani. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, alama ndogo kwenye kebo hiyo hutakiwa kuachana na mwisho wa ganda lake kwa milimita 0 hadi 1. Ikilegea, presha hubaki ndogo wakati injini inavuta kwa nguvu, na pleti huungua taratibu bila kelele. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Nimeona kebo hiyo ikirekebishwa kwa kukisia na mtu aliyekuwa akiweka sawa mizunguko ya injini, na mwaka mmoja baadaye giaboksi ikashushwa.

La kusikitisha zaidi ni la themostati, valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto. Desturi ya kuing'oa themostati ili injini "isichemke" imeenea pwani na bara, na athari yake kwa giaboksi haisemwi. Kompyuta ya Toyota nyingi za miaka hiyo haitaruhusu gia ya nne wala kujifunga kwa konveta hadi maji ya injini yapate joto, takriban nyuzi 50 hadi 60. Gari lililong'olewa themostati, likiendeshwa Njombe au Limuru asubuhi ya baridi, laweza kwenda kilomita nyingi likiwa gia ya tatu, injini ikipiga mizunguko ya juu na mafuta yakiisha, mwenyewe akiamini kwamba giaboksi imepoteza gia ya nne. Dawa yake ni themostati mpya.

Sasa tufike kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea bila sababu. Katika giaboksi hizi za gia 4, gia huchaguliwa na solenoidi mbili, yaani vizibo vidogo vinavyofunguka na kufungwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Gia ya kwanza: solenoidi ya kwanza imewashwa, ya pili imezimwa. Gia ya pili: zote zimewashwa. Gia ya tatu: ya kwanza imezimwa, ya pili imewashwa. Gia ya nne: zote zimezimwa. Anayeushika mpangilio huu kichwani ana ufunguo wa mafumbo mengi.

Jirani yangu alikuwa na Mark II ya mwaka 1998. Gari lilianza kuwa zito kuondoka, zito kiasi kwamba kwenye taa za barabarani bodaboda na bajaji zilimwacha, lakini likishachanganya mwendo lilikwenda vizuri kabisa. Gereji mbili zilimwambia pleti zimekwisha. Tulipoliwasha asubuhi moja uani kwake, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ile inayoonyesha kwamba gia ya nne imezuiwa, ilikuwa ikipepesa. Aliiona kwa miezi, akadhani ni kitufe cha mkono wa gia kimelegea. Tukazima gari. Chini ya boneti kipo kisanduku cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko zimechorwa nafasi za pini. Tukahakikisha kitufe cha O/D kimeruhusu gia ya nne, tukaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, tukafungua swichi bila kuwasha injini, kisha tukahesabu. Taa ilipepesa mara sita, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Namba 62: sakiti ya solenoidi ya kwanza.

Fikiria sasa mpangilio ule. Solenoidi ya kwanza ikikosa umeme, hubaki imezimwa daima. Kompyuta ikitaka gia ya kwanza, ingepata zote mbili zimezimwa, yaani gia ya nne, na gari lingeondoka kwa shida kubwa. Kwa hiyo hujihami kwa kuiwasha ya pili, na gari huondoka likiwa gia ya tatu. Ikitaka ya pili, hupata ya tatu. Ikitaka ya nne, huipata sawasawa. Gari lile lilikuwa zito kuondoka na jepesi mwendoni kwa sababu lilikuwa likiondoka kwa gia ya tatu. Tulipochomoa soketi ya giaboksi na kupima kwa mita, solenoidi yenyewe ilisoma omu 13 za ukinzani wa umeme, na hizo za aina yake hutakiwa kusoma omu 11 hadi 15. Nayo ilikuwa nzima. Waya wake ulikuwa umelala juu ya ekzosi, ganda limeyeyuka, shaba imekatika. Tuliuunga, tukaufunga mbali na joto, na gari likaondoka kwa gia ya kwanza siku hiyo hiyo.

Namba nyingine za kukumbuka katika Toyota za namna hiyo ni 63 kwa solenoidi ya pili, 64 kwa ile ya kufunga konveta, 42 na 61 kwa sensa za mwendo. Wakati wa kusoma namba hivyo, taa ikipepesa kwa mfululizo usio na mapumziko, kompyuta haikuhifadhi kosa lolote la umeme. Magari yaliyofuata husomwa kwa mashine, nazo hutoa namba zinazoanza na P. Lakini namba, hata ya mashine ya bei kubwa, hutaja sakiti tu: waya, soketi, solenoidi au kompyuta. Fundi anayesoma P0753, namba ya sakiti ya solenoidi ya kwanza, na kuagiza giaboksi amekwenda mbali kuliko ushahidi wake. Na kompyuta yenyewe isiachwe nje ya washukiwa. RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilijulikana kwa kubadili gia kwa kishindo, kumbe chanzo kilikuwa kompyuta ya injini, na Toyota ikafikia kutoa waraka wa kiufundi na kurefusha dhamana ya kompyuta hiyo.

Kuna jaribio moja ambalo laiti kila gereji ingelifanya, kwani halihitaji mashine yoyote. Chomoa soketi ya solenoidi, kisha endesha gari kwa uangalifu mahali pasipo na msongamano. Kwa kuwa solenoidi zote sasa zimezimwa, giaboksi nyingi za Toyota za gia 4 zitatoa gia ya kwanza kwenye L, ya tatu kwenye 2, na ya nne kwenye D. Zikitoka zote tatu, bila kuteleza, basi sehemu kubwa ya pleti, pampu na valvu bodi vinafanya kazi, na tatizo litafutwe kwenye umeme. Zisipotoka, ugonjwa umo ndani ya chuma na oili. Ukimaliza, rudisha soketi na ufute kumbukumbu ya kosa, kwa kuwa kompyuta itakuwa imeandika kwamba solenoidi zimepotea.

Jaribio likionyesha ndani, bado kuna namna ya kujua ni wapi. La kwanza ni muda wa kungoja: injini ikiwa na joto na breki zimekazwa, toa mkono wa gia kutoka N kwenda D na uhesabu hadi usikie gari likishika. Toyota hutaka isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Kuchelewa kwenye D pekee huelekeza kwenye klachi ya kwenda mbele. Kwenye R pekee, kwenye klachi au breki ya kurudi nyuma. Kote kuwili, kwenye presha kuu. La pili ni kukanyaga mafuta hadi mwisho huku breki zote mbili zimebana, matairi yamezuiwa kwa mawe, na kusoma mshale wa mizunguko. Lisizidi sekunde 5, kwani nguvu yote ya injini hugeuka joto ndani ya konveta. Na asilifanye mtu ambaye breki zake hana hakika nazo, wala pasiwe na mtu mbele au nyuma ya gari. Mizunguko ikipanda kupita kiwango cha kitabu, pleti zinateleza. Ikishindwa kufika, injini ni dhaifu au kipande cha katikati cha konveta kinachotakiwa kuzunguka upande mmoja kimelegea.

Wakati wa siku nao hutoa ushahidi. Gari linalogoma asubuhi na kukaa sawa baada ya dakika kumi mara nyingi lina sili za mpira zilizokauka, ambazo hulainika zikipata joto. Gari linalokwenda vizuri asubuhi na kuanza kuteleza saa tisa alasiri kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, lina pampu au sili zilizochakaa, ambazo huvuja zaidi oili inapokuwa nyepesi kwa joto.

Kisha sufuria ya chini ifunguliwe. Ndani yake zimo sumaku ndogo. Unga laini wa kijivu juu yake, unaopakaa kidoleni kama masizi, ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma vyenye ncha si kawaida. Vipande vya rangi ya dhahabu vilivyolala chini bila kushikwa na sumaku ni bushi za shaba, nazo zinasema shafti inacheza. Matabaka meusi kama maganda ni pleti zenyewe. Ukikuta unga laini tu, na shida ni ya kishindo au kuchelewa, valvu bodi inaweza kushushwa ikasafishwa na solenoidi zikabadilishwa bila giaboksi kutoka mahali pake. Ukikuta maganda na vipande, basi sasa, na si kabla, ishushwe.

Anayeamua kununua ya mtumba, kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, aende na namba iliyochapwa kwenye kibati cha gari, mbele ya maneno TRANS/AXLE, kwa kuwa giaboksi mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana uwiano wa gia na idadi ya nyaya za soketi. Achomoe kijiti na kunusa. Amwombe muuzaji afungue sufuria. Anayekataa amekwisha kumjibu. Mabomba ya kupozea yasafishwe au yabadilishwe kabla ya kufunga, la sivyo vipande vya giaboksi iliyokufa vitaingia kwenye hii siku ya kwanza.

Na wakati wa kuipandisha, konveta itiwe kwenye giaboksi kwanza, isukumwe huku ikizungushwa kwa mkono hadi ianguke ndani, kwa kawaida kwa hatua tatu zinazosikika: shafti ya kuingilia, shafti ya katikati, na mwisho meno ya pampu. Fundi asiyengoja hatua ya tatu atakuta giaboksi haikai sawa na injini, atavuta kwa boliti, na pampu itavunjika kabla gari halijawashwa. Giaboksi ikikaa sawa kwenye injini bila kuvutwa, konveta inapaswa bado kuzunguka kwa mkono na kuacha nafasi ndogo kabla ya kufungwa kwenye bamba la injini. Ndipo oili ijazwe, gari liwashwe, mkono wa gia upitishwe kila mahali, na kijiti kipimwe tena siku ya pili baada ya safari fupi, oili ikiwa na joto lake.